Mbwa Aliyeogopa Salamu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ziwa na mbingu vimechanganyika hata huwezi kusema kama mtumbwi unaelea juu ya maji au juu ya hewa. Milima ya ng'ambo, upande wa Burundi, ilikuwa imefutika yote katika ukungu na moshi wa mashamba yanayochomwa. Ndani ya ukungu huo kaka yangu Elia alitokea akipanda kutoka ufukweni, na nyuma yake, tumbo likikaribia kugusa mchanga, alikuja mbwa jike mweupe mwenye masikio ya rangi ya chai. Hakutoa sauti yoyote. Mpaka leo nikifumba macho namwona hivyo hivyo, anakuja tu, hafiki.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikuona ukimsugua pua yule mtoto wa mbwa wako katika mkojo wake. Sikusema neno. Wazee tuna ugonjwa huo: siku ya kwanza tunanyamaza, siku ya pili tunaleta hadithi. Basi kaa hapa karibu na mimi, koko wako, bibi yako, hadithi yenyewe imefika.

Ulikuwa mwaka wa uhuru wa Kongo. Elia alikuwa anamtunzia bustani mzungu mmoja wa pamba, na mzungu huyo, kama wenzake wengi siku zile, alijaza masanduku katika gari akavuka mpaka bila kuaga mtu. Mbwa akabaki amefungwa barazani, hana maji. Jina lake lilikuwa Biju, neno la kwao la kitu cha thamani, na thamani yake ndiyo hiyo uliyoisikia. Elia alituambia kwamba bwana yule alikuwa na sauti moja tu ya kuitia watu na ya kuitia mbwa, na ile sauti ilikuwa haitoki bila fimbo. Elia akamfungua, akamnywesha maji kwa mikono yake, akamleta kwetu Rugenge, mtaa wetu wa Uvira.

Sasa lazima nikuambie habari za baba yangu, maana bila baba hakuna hadithi. Baba alikuwa bwana wa mitumbwi ya kuvua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye kifua, na zaidi ya yote alikuwa mtu wa salamu. Mgeni akitokea njiani, baba anasimama, anakwenda kumlaki, anainama, ananyoosha mikono yote miwili, na sauti yake inasikika mpaka kwenye maji. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mpunga, na mkono wa mgeni haachii mpaka majibu yote yametoka. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu, mtu akikusalimia amekaa, amekutukana. Na kuingia katika uwanja wa watu kimya kimya, ukaketi chini bila kutoa salamu, hilo lilifanyika mahali pamoja tu, penye msiba. Mtu aliyefiwa hasalimiwi kwa sauti. Unaingia, unakaa, unanyamaza naye.

Basi asubuhi ile baba akampokea Biju kama anavyopokea watu. Akainama juu yake, akanyoosha ile mikono, akanguruma, "Karibu, mama!" Mbwa akalala chali, masikio nyuma, macho pembeni, na mkojo ukamtoka mwembamba ukapita kwenye mchanga mpaka kwenye vidole vya baba. Tulicheka wote, naye baba alicheka. Kesho yake ikawa vilevile, hatukucheka sana. Ilipofika juma la pili hakuna aliyecheka.

Kwa maana hakuwa na ubaguzi, yule mbwa. Alimkojolea mjomba. Alimkojolea mwalimu. Siku moja akaja mchungaji mmoja kutoka Luberizi, viatu vimepakwa dawa vinang'aa, akapendezwa na mbwa mweupe hivyo, akainama kumpapasa kichwa. Nadhani umeshajua viatu vilikuwaje baadaye. Mchungaji alisema, "Si kitu, si kitu," lakini hakunywa chai. Huko kwetu watu huamini kwamba mbwa wa nyumba husema yale ambayo wenye nyumba wanaficha, na mgeni aliyelowanishwa huondoka akijiuliza ni lipi hasa tunalomficha.

Baba, mtu wa salamu, aliaibika mpaka mifupani. Akakata fimbo. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, na kila Biju alipokojoa alipigwa, akasuguliwa pua, akafukuzwa nje. Na kila alipopigwa, mara iliyofuata alikojoa kabla hata hajaguswa, kwa kuona tu kivuli cha baba mlangoni. Mwanangu, kama ingewezekana kumpiga kiumbe mpaka aache kuogopa, dunia hii isingekuwa na mwoga hata mmoja.

Elia ndiye aliyekuwa anaokoa. Akisikia mgeni njiani, anamchukua Biju mikononi anamficha nyuma ya jiko. Miaka ya kwanza ya uhuru ilikwenda hivyo, mbwa nyuma ya jiko, wageni mbele, salamu katikati. Baba alikuwa ameshatoa neno lake: siku Biju atakapomkojolea mgeni mwingine wa heshima, atafungwa jiwe na kupelekwa ziwani. Na baba akitoa neno halirudishi, hilo tulilijua wote, hata mbwa nadhani alilijua.

Kisha ukaja uasi. Sitakueleza siasa yake; hata wakati ule walioieleza walikuwa hawaelewani. Najua tu kwamba vijana walishuka na kupanda, wakinyunyiziwa maji ya kuzuia risasi, na nyimbo zao zilikuwa zikisikika mchana kutwa kutoka mlimani, kama zinaimbwa ndani ya wingu. Elia alikuwa kijana. Siku aliyoondoka kuwafuata alinikuta nachota maji. Alichuchumaa kando yangu, akaosha uso, akaangalia ng'ambo.

"Sifa," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "weye ndiye utachunga Biju. Baba asimutupe mu ziwa. Minye nitarudia."

"Utarudia lini?"

"Nitarudia tu. Chunga mbwa."

Akaenda. Mama hakulia. Alifanya jambo la ajabu zaidi: alimfungia Biju shingoni kamba aliyoichana kutoka nguo ya Elia, akasema mbele yetu sote kwamba mbwa huyu akifa, mwanawe harudi. Baba akamwambia huo ni upagani. Mama akamjibu kwamba na auite atakavyo. Tangu hapo nilielewa kazi yangu. Ilikuwa ni kumzuia mbwa asikojoe mbele ya watu, na ndani ya kazi hiyo, kwa jinsi mama alivyoiona, kulikuwa na roho ya kaka yangu.

Nilijaribu kumficha nyuma ya jiko kama Elia, lakini uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa bondeni walikuwa wanakimbia vita, na nyumba ya baba haikufukuza mtu. Miongoni mwao akaja shangazi yetu Nabintu, dada mkubwa wa baba, mlimaji wa mpunga wa Kiringye, mkeka kichwani na kifurushi cha mchele chini ya kwapa. Shangazi alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mvivu wa maneno, lakini akisema, baba alikuwa anakuwa mtoto tena.

Asubuhi ya pili baba alirudi kutoka ziwani amefurahi, uvuvi ulikuwa mzuri. Akamwona Biju anapita, na kwa ile furaha yake akasahau. "Biju!" akaita, akamwinamia kwa mikono yote. Mkojo ukatoka. Baba akageuka kutafuta fimbo, akaikuta mkononi mwa shangazi.

"Mudogo yangu," akasema shangazi, "weye unasalimiyaka batu ao unabakamataka?"

"Namusalimiya muzuri, yaya yangu. Ni yeye njo hana adabu."

"Adabu iko nayo mingi kukupita. Angalia. Analala chini, anakuonyesha tumbo, anakuambia: baba, minye ni mudogo, usiniuwe. Nayo weye unamupiga. Basi anasema tena kwa nguvu zaidi. Unataka aseme namna gani ili usikie?"

Baba alisimama pale, mwanangu, jitu zima na magamba ya samaki mikononi. Hakuwa amewahi kuifikiria hivyo. Wala mimi. Sisi sote tulidhani ule mkojo ni ukaidi, au ugonjwa, au kisirani, na kumbe yalikuwa maombi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huyu aliumwa na mikono, sasa sisi kila siku tunamletea mikono mizuri na kushangaa kwa nini haisifu.

Shangazi akanigeukia. "Na weye, unamuchunga siku yote. Fasi gani hakojoi?"

Nilitaka kumtajia mahali anapokojoa, maana hapo ndipo tulipokuwa na habari nyingi: mlangoni, chini ya meza, juu ya mkeka. Anapokojoa tulipajua kwa majina. Lakini asipokojoa? Ilibidi nifikiri mpaka akaniita mara ya pili. Ndipo nikaona ufukwe, pale wanawake wanapotandaza ndagala kukauka. Tunakaa chini mchangani, miguu tumeinyoosha, macho kwenye samaki, mikono chini inafanya kazi, na Biju anapita kati yetu akinusa mgongo wa huyu na kiwiko cha yule. Hakuna anayemsemesha. Na pale, katika miaka yote ile, hata tone.

"Basi," akasema shangazi, "dawa mulikuwa nayo mu ufuko. Muilete mu nyumba."

Dawa yenyewe ni ndogo sana, nitakupa kama nilivyoipata. Usimwinamie. Usimwangalie machoni. Ukitoka safari, usimwite kwa shangwe. Pita kama hujamwona, kaa chini, mgeuzie ubavu, shughulika na jambo lako. Atakuja mwenyewe. Akija, mwache anuse mpaka atosheke, kisha mkune kifuani au chini ya kidevu, kamwe usiteremshe mkono kutoka juu ya kichwa. Ukiweza, mkutane nje uwanjani, ambako tone likimtoka linamezwa na mchanga. Akikosea, futa na unyamaze; usimkemee, wala usimwambie pole kwa sauti ya huruma, maana hata pole ni kelele kwa mwenye hofu. Na siku akija mkavu, weka ndagala moja chini, kando yako, kama vile imekuponyoka.

Mimi, mama na shangazi tulishika njia hiyo. Biju alianza kubadilika taratibu, namna maji ya ziwa yanavyorudi nyuma wakati wa kiangazi. Huyaoni yakienda, unaona tu mchanga umeongezeka. Baba peke yake ilimshinda. Hakuwa na fimbo tena, lakini kukaa chini wakati kiumbe kinakuja kwake, hapana. "Nitaonekana mwenye kiburi," alisema. Na neno lake la jiwe na ziwa halikuwa limefutwa. Kwa hiyo ilibaki kazi ya wageni. Shangazi alikaa njiani penye kuingilia uwanja, na kila aliyekuja alimnong'oneza: "Ingia, lakini usisalimiye. Ikala chini tu. Usiangaliye mbwa." Watu walimtii kwa sababu ya umri wake. Wakaingia kimya, wakaketi chini, wakanyamaza, wakaangalia mchanga.

Nadhani unaona balaa linakotokea. Sisi hatukuliona.

Majirani wa Rugenge waliliona. Waliona watu wanaingia kwa mzee wa salamu bila salamu. Waliona wanaketi chini. Waliona mama na kitambaa kichwani, hasemi, kwa kuwa mbwa alikuwa amelala karibu na miguu yake. Na wote walijua Elia yuko wapi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Asubuhi moja yenye ukungu mzito, ukungu uliokuwa umeteremka kutoka mlimani mpaka kwenye paa zetu, nikasikia nyayo nyingi njiani, kisha wakaanza kutokea mmoja mmoja ndani ya ule weupe, wanawake wa mtaa mzima, kuni vichwani, unga wa muhogo katika vikapu. Unga, mwanangu, wakati wa vita! Wengine nilijua watoto wao walikuwa wamelala njaa. Walipita bila neno, wakaweka mizigo kando ya jiko, wakaketi chini uwanjani. Jirani yetu Mama Zawadi akamshika mama mikono.

"Mama Elia," akasema, "tumesikia." Machozi yakamtoka.

Mama hakuuliza wamesikia nini. Ungekuwa wewe ungeuliza? Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena hata peponi, na wale wanawake, kwa kusikia sauti hiyo, wakawa na hakika, wakaangua kilio. Wao walidhani mama anajua. Mama alidhani wao wanajua. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, na kaka yangu alikufa pale mbele yangu bila mtu yeyote kumuua.

Wakalia mpaka wakachoka, kisha kikaja kile kimya cha baada ya kilio, ambacho ni kizito kuliko kilio. Ndipo Biju alipotoka nyuma ya jiko. Niliganda, kwa maana nilikuwa sijawahi kuona uwanja una wageni wengi hivyo. Lakini hapakuwa na hata mmoja aliyesimama. Hakuna aliyemwangalia, hakuna aliyemwita, mikono yote ilikuwa mapajani. Alipita kati yao polepole, akanusa vikapu, akanusa magoti, akalamba chumvi ya machozi kwenye mkono wa Mama Zawadi, akaenda akalala katikati yao. Mkavu. Nililia kwa sababu ya Elia, na ndani ya kulia nikafurahi kwa sababu ya mbwa, na nikaona haya kwa kufurahi. Moyo una vyumba vingi, mwanangu, na vyote hufunguka siku moja.

Hapo ndipo baba alipotoka ziwani. Aliwaona wanawake, akaziona kuni, na kikapu cha samaki kikamtoka mkononi.

"Nani alikufa?" akauliza.

Akamwendea Mama Zawadi. "Nani alileta habari?"

"Hakuna, baba. Tuliona tu batu banaingia kwenu bila salamu, banaikala chini. Tukasema, njo Elia alikufa."

Shangazi Nabintu, aliyekuwa amekaa penye kuingilia, akafunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona kwamba anafanya yote mawili. "Ni minye," akasema. "Ni minye niliwaambia baikale. Ni juu ya mbwa."

Siwezi kukueleza vizuri jinsi uwanja ule ulivyopumua. Wengine walicheka, wengine walikasirika, mmoja alidai unga wake kisha akaona aibu akauacha. Mama alikuwa ameshika mti wa nguzo ya baraza, anasema tu, "Yuko hai? Kwa hiyo yuko hai?" na hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hatukujua hilo pia. Baba akamwangalia mama. Akawaangalia wanawake waliokuja na chakula cha watoto wao. Kisha akamwona Biju, katikati ya wageni wa mtaa mzima, mkavu, na kamba ya nguo ya Elia shingoni. Mzee wa salamu akaketi chini mchangani mbele ya wageni, mara ya kwanza katika maisha yake, na uso akaugeuzia ziwa kwa sababu alikuwa analia. Hakumwita mtu wala mbwa. Baada ya muda Biju akainuka, akamzunguka kwa nyuma, akaweka kidevu juu ya paja lake. Baba hakuondoka pale mpaka ukungu ulipopanda. Habari ya jiwe hatukuisikia tena.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungekwenda kumtunza mbwa wako vizuri. Lakini hiyo ingekuwa nusu.

Askari wa serikali walirudi mjini, nyimbo za mlimani zikaisha, na vijana walianza kurudi mmoja mmoja, wale waliokuwa wa kurudi. Elia hakuwamo. Tulisikia alikamatwa, kisha hatukusikia kitu. Mvua zikaja. Unajua mvua zetu zinavyosafisha hewa, hata milima ya Burundi inasogea na unaweza kuhesabu mabonde yake. Mchana mmoja wa Jumapili tumetoka kanisani, baba amevaa koti lake jeusi, mtu mmoja alikuwa amesimama penye kuingilia uwanja. Mwembamba, kichwa kimenyolewa vibaya, ameshikilia suruali kwa mkono. Alikuwa amesimama muda mrefu, nadhani, kwa sababu alikuwa amelowa na mvua ilikuwa imekwisha zamani.

Baba akamtambua kwanza. Akasahau yote, na nani angemlaumu? Akasimama kwa urefu wake wote, akanyoosha mikono yote miwili, akaenda kwa hatua zile zake, na sauti ikamtoka kifuani. "ELIA!"

Kaka yangu akaanguka akachuchumaa. Akafunika kichwa kwa mikono. Akageuza macho pembeni, na mbele yetu sote, mbele ya mama, mkojo ukamtoka ukapita kwenye miguu yake mpaka kwenye matope.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini jambo alilolifanya baba pale ndilo nililokuitia. Mikono yake ilibaki hewani. Kisha akaishusha, polepole sana, kama mtu anayeshusha chombo kilichojaa maji. Hakumsogelea. Hakusema pole. Akaketi chini hapo hapo alipokuwa, katika matope, na koti lake la kanisa, akamgeuzia mwanawe ubavu, akaangalia ziwa. Mama akamwona, akaketi. Shangazi akaketi. Nami nikaketi. Tukakaa hivyo, tunaangalia maji, na nyuma yetu tunasikia mtu anatetemeka.

Jua la Uvira huzama mapema nyuma ya mlima. Kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye maji wakati Biju alipotoka. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mashaka. Alimpitia Elia kwa kando, bila kumtazama, akalala karibu naye bila kumgusa. Tukasubiri. Kisha tukasikia kucha zikikuna manyoya ya kifua, taratibu.

"Haogopi tena?" Ilikuwa sauti ya Elia, imekauka.

"Hapana," akajibu baba, macho kwenye ziwa. "Haogopi tena."

"Njo nani alimufundisha?"

"Hakuna muntu alimufundisha. Siye njo tulifundishwa."

Ndipo kaka yangu alipolia. Alilia akijikokota matopeni mpaka bega lake likafika kwenye bega la baba, na hata hapo baba hakumkumbatia, alimwachia bega. Kwa miezi mingi watu wa mtaa wetu walikuwa wakimsalimia Elia wakiwa wamekaa. Mgeni asiyejua alidhani wanamdharau. Hakujua kwamba katika Rugenge yote hapakuwa na mtu aliyepewa heshima kubwa kuliko hiyo. Alipona, kwa namna watu wanavyopona. Siku ya ndoa yake ndiye aliyesimama kwanza kumlaki baba, akanyoosha mikono yote miwili.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na uishike. Ukiona kiumbe kinalala chini mbele yako, mbwa au mtu, usiulize kwanza kina kosa gani. Uliza kiliumwa na nini. Kisha uliza lile swali la shangazi Nabintu, mahali gani hakiogopi, na uende ukakae huko nacho. Usiifuate hofu na fimbo, wala usiifuate na huruma yenye kelele. Hata upendo, ukija umesimama na mikono juu, kwa aliyepigwa unafanana na kipigo. Jishushe. Geuka pembeni. Subiri. Kufuta mkojo ni kazi ndogo, na kunyamaza ukifuta ni kazi kubwa. Zote mbili ni zako. Wala usione haya kukaa chini mbele ya mdogo wako, kwa maana sijaona hata siku moja baba yangu akiwa mrefu kama alivyokuwa mrefu siku ile ameketi katika matope.

Nenda sasa kwake, mwanangu. Mungu aipe mikono yako uzito mdogo na macho yako upole. Akujalie nyumba ambamo walioogopa hukauka. Na ikiwa dunia itakuvunja hata wewe, maana haichagui, akurudishe penye uwanja wenye watu wako, na wakikuona umesimama pale mlangoni, awakumbushe kuketi.